Mtaa juu ya Shuka

Lamzira hakununua turubai.
Alitwaa shuka la kitanda cha wageni
(wageni wenyewe walikwisha kuhamia Ujerumani),
akaligongomea kwenye mlango wa kabati,
akalipaka gundi, akangoja siku mbili,
kisha akaanza na kuba za hamamu,
kwa kuwa, alisema, duara halina kona ya kukosea.

Alikosea. Kuba ya tatu imebonyea
kama mkate uliotolewa kabla ya kuiva.
Akaiacha hivyo hivyo.

Vakhtang mwokaji ndiye aliyeitundika picha
katika duka lake la chini ya ardhi, hapa Tbilisi,
na tangu hapo anayeshuka ngazi kununua mkate
hupanda na mkate na ugomvi.

Mlango wangu si wa kijani.
Ulikuwa wa kijani.
Lini?
Mwaka ule ulipouza piano.

Miaka arobaini Lamzira alishona mavazi ya tamthilia;
vipimo vyake ni vya fundi cherehani,
humpima mvaaji, si kitambaa.
Ndiyo maana kibanda cha Suren fundi viatu
kimelizidi kanisa kwa kimo,
na mnara wa televisheni kule mlimani,
unaotazamwa na mji mzima,
ni uzi mwekundu ambao hajaukata.
Roshani za mbao zimeinama. Kamba za nguo zimekaza.
Mzabibu umepita dirishani kwa jirani
bila hodi.

Hoteli mpya ya vioo haimo.
Mahali pake pamebaki shuka tupu,
na ukisogea utaona maua ya kiwandani, ya buluu,
yaliyopauka kwa kufuliwa.
Meneja alikuja na viatu vyake safi.
"Sisi tuko wapi, mama?"
"Bado hamjafika," akasema, akaendelea kutafuna.
Meneja akanunua mikate minne. Sijui aliila na nani.

Mimi ni mpangaji, mwaka wa sita.
Sikuwahi kujitafuta pale;
mpangaji hujifunza kutokodolea kuta za watu.
Lakini jana Vakhtang alikuwa akiifuta picha masizi
kwa donge la unga uliokandwa,
polepole, kama anayempangusa mtoto uso,
na chini ya masizi, kwenye ngazi za hamamu,
akatokea mtu mdogo kama punje ya ngano,
amebeba mtungi wa gesi, kichwa chini,
koti la kijivu.

Koti langu ni fupi mikono. Nililinunua hivyo, mtumba,
na kila majira ya baridi Lamzira hunishika kifundo cha mkono
akasema, lete nishushe huo upindo,
nami hujibu, kesho.

Pichani mikono inafika.

Nimerudi chumbani, nimelivua, nimelipindua.
Kuna sentimita tatu za kitambaa mle ndani,
rangi yake bado ni nyeusi,
ambazo sikujua kama ninazo.