Sita na Tisa

Hazikuaga. Ilitangulia S, ikafuata F,
kisha T na K zikatokea mlango wa nyuma
kama vibarua waliochoka kungoja malipo.
Nikabaki na a na o na u,
irabu nono zisizosema kitu.

Miaka ishirini na sita nilisimama kati ya mitambo
ya kiwanda cha nguo, hapa Jinja,
tukizungumza kwa midomo na vidole.
Kiwanda kilipofungwa nilidhani kelele imebaki mle ndani.
Kumbe nilitoka nayo.

Sokoni Walukuba mwenye samaki alisema elfu sita.
Nikasikia tisa. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake,
nikamtupia noti.
Akanirudishia elfu tatu, moja moja,
kama mtu anayemhesabia mtoto.

Jirani yangu Isabirye husema sikio la kufa halisikii dawa.
Alilisema mara mbili, kwa kupaza, ili nilisikie.

Basi nikaenda Kampala, chumba kisicho na dirisha.
Apio, binti wa Tororo, akanipa kitufe:
"Ukisikia kama ndege, bonyeza."
Nikabonyeza ndege.
Nikabonyeza na kimya pia, kwa aibu.
Akaniona. Tukaanza upya.

Akanionyesha chati: mstari unakwenda vizuri,
halafu unaporomoka kama kijia cha kuteremkia mtoni.
"Huku bondeni ndiko ziliko S zako.
Hazijafa, mzee. Zimeshindwa tu kupanda."

Kisha akatandaza vifaa mezani.
Hiki kidogo huingia ndani kabisa, hakuna atakayejua
(nilikipenda kwa sababu hiyo hiyo mbaya),
lakini kikaniponyoka mara tatu.
Vidole vilivyokuwa vikiunga nyuzi gizani
leo havikamati punje ya mtama.
Hiki huchajiwa usiku.
Umeme wa kwetu nao una safari zake.
Nikatoa mfukoni kile nilichouziwa na mchuuzi wa stendi
kwa bei ya kuku wawili.
Akakijaribu sikioni mwake, akakunja uso.
"Hiki hupaza kila kitu. Kitakurudisha kiwandani."

Nikachagua cha kukaa nyuma ya sikio, cha kahawia,
chenye gurudumu ninaloliona kwa ukucha
na betri ya ukubwa wa mbaazi.
Nikauliza bei ya kimoja.
"Kwa sikio moja utasikia mtu anakuita," akasema.
"Kwa mawili utajua wa kumgeukia."
Niliuza ng'ombe. Nikaongeza baiskeli.

"Siku za mwanzo utanilaani," alinionya,
na nilimlaani:
karatasi ilinguruma, kandambili zangu zilinipiga makofi,
na chooni, Mungu wangu, mkojo wangu mwenyewe
ulishuka kama maporomoko.
Saa mbili, napumzika. Saa tatu, napumzika.
Hadi asubuhi moja ikaja S, nyembamba, imelowa,
mafuta yakikaangika.

Ambalo chati haikuonyesha ni hili:
miaka kumi na mmoja mke wangu Naigaga
alikuwa akisema kando yangu akimenya ndizi.
Alisema yote. Deni la chama, goti lake, ukaidi wangu,
na mtoto wetu Mukisa, ambaye tangu tumzike
hakuwahi kumtaja nikimtazama.
Wiki ya pili, bila kufikiri, nikamjibu.
Kisu kikasimama kwenye ganda.
Akanyamaza siku nne.

Tangu hapo ikifika jioni navivua,
naviweka mezani karibu na taa,
vifuniko vya betri wazi, avione.
Huangalia kwanza. Ndipo huanza.
Nami hutazama maganda yakianguka bila sauti.

Jana aliacha kumenya.
Akafuta vidole kwenye gomesi,
akakifunga kifuniko cha kimoja, kimoja tu,
akakisukuma upande wangu.

Nikakivaa.
Gurudumu nikalirudisha chini kidogo.