Kitabu Kisichofungika

Nilikinunua kwa peni hamsini,
maktaba ya Hull ilipokuwa ikipunguza mizigo:
mwongozo wa kutengeneza boila za gesi,
jalada gumu, mgongo umeshonwa kwa uzi.
"Tafuteni kilichoshonwa," Glenys alituusia,
"vya gundi vitawapukutikia kama meno ya uzee."

Alhamisi, ukumbi wa kanisa la Wamethodisti,
hita moja, meza sita za kukunja,
mvua ya Februari ikigonga dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Nang'oa karatasi moja kila baada ya tatu
kitabu kipate nafasi ya kunenepa.
Napaka jeso, nyepesi, isifunike yote;
chini yake vali na mabomba vinaonekana
kama mbavu kwenye picha ya eksirei.
Neno moja nalinusuru kabla halijazama: *shinikizo*.
Glenys anasema neno hujichagua lenyewe.
Mimi nasema lilikuwa karibu na kidole.

Nabandika mfuko wa chai, mtupu, mkavu, rangi ya kutu.
Tikiti ya basi.
Lebo ya shuka kutoka chumba cha kufulia,
hospitalini, ninakokesha.
Mbele yangu Tadeusz, dereva wa lori,
anashona risiti za dizeli kwa uzi mwekundu,
mishono mikubwa, ya kufungia gunia.
Wiki iliyopita sindano ilimchoma.
Damu hakuifuta. Aliandika tarehe pembeni yake.

Barua ya mama naja nayo tangu Septemba.
Naitoa, naiweka mezani, nairudisha mfukoni.
"Hiyo yenyewe usiibandike," Glenys alinionya.
"Gundi haina toba."

Basi nikatoa nakala, duka la pembeni,
lile linalotazamana na kibanda cha simu cha rangi ya maziwa.
Peni ishirini. Kivuli cha dole gumba langu
kimeingia kwenye ukingo, bila kualikwa.

Nyumbani, juu ya meza ya jikoni,
nilipaka gundi ya maji, nikailaza nakala kifudifudi,
nikaisugua kwa mgongo wa kijiko,
nikaenda kazini.
Asubuhi, koti sijalivua, nikalowesha sifongo,
nikachua kwa ncha ya kidole, taratibu.
Karatasi ikatoka nongo nongo,
kama mgongo wa mtoto siku ya kuogeshwa kwa dodoki.
Wino ukabaki.

Ukabaki kinyumenyume.

Tuliambiwa mara tatu: geuzeni kwanza, kama kwenye kioo.
Nilisahau. Mstari wa mama sasa
unatoka kulia unakwenda kushoto,
*Mwanangu* imesimama ukingoni, inatazama ndani.
Nilishashika kitambaa niifute
ndipo nikalikumbuka daftari la bibi,
la madeni ya unga na mafuta ya nazi,
Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kikianzia kulia,
na mama, aliyefunzwa herufi za serikali,
akiligeuza huku, akiligeuza huku,
asijue pa kuingilia.

Leo zamu yangu.

Ingawa najua inasema nini.
Inasema bei ya mkaa.
Inasema nisisahau deni la Mwana Esha, vitenge viwili.
Inasema miguu yauma, ila si sana.
Hilo *si sana* limefutika nusu;
nilisugua kupita kiasi,
na palipotoboka bomba la boila limechungulia
na mshale wake mdogo
ukionyesha maji ya moto yanakopita.

Sikuongeza rangi. Sikuongeza ua wala stempu.

Kitabu hakifungiki tena, kimeshiba.
Nimekizungushia ugwe wa gauni la mgonjwa,
fundo legevu.
Alhamisi Glenys atavaa miwani, atainama,
ataniuliza mbona sikugeuza.

Nitamwambia niligeuza.