Kwato za Mossy

Mimi ndiye mwandishi wa zile barua.
Kila Novemba, mvua ya Leitrim ikiwa imesahau kukoma,
nakaa jikoni kwa Fionnuala, mboji ikifuka moshi jikoni,
nabandika stempu mia sita na arobaini,
na juu ya kila barua, Mossy.

Mnamjua. Yule punda wa kwenye picha:
kwato zimekua hata zikajikunja kama pembe za beberu,
mbavu unazihesabu bila miwani,
nyuma yake mtaro, maji, godoro la mtu.
Nilimpiga mimi, kwa simu ya Malachy,
mkono ukinitetemeka, ndiyo maana pembeni pamefifia.
Watu husema ukungu ule ni sanaa.

Picha ile imetujengea zizi.
Imelipa mkata kwato, daktari, mabati,
nyasi kavu za majira saba ya baridi.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba chenyewe kina tundu la ukubwa gani.

Sasa Mossy mwenyewe
ni pipa lenye masikio.
Ameiba skafu mbili na kofia ya diwani.
Na siku meneja wa benki alipokuja na hundi ya kadibodi,
pana kama mlango, kwa ajili ya wapiga picha,
Mossy aligeuka taratibu,
kama anayetafuta kitu alichokisahau,
akamlipa.
Asante ya punda, tunaijua.
Meneja alichechemea hadi garini. Hundi ilibaki halali.

Machi tulimchagua Dervla kuwa mwenyekiti,
kura kumi na moja kwa tisa.
Ana mikono ya mkamua ng'ombe na hapendi hotuba.
Akasema: "Tunamwombea pesa Mossy ambaye hayupo.
Kila Krismasi tunamrudisha mtaroni."
Hakuna aliyekohoa.

Akatupeleka Dublin, punda wawili kwenye trela,
saini elfu nne ndani ya kopo la biskuti,
kudai sheria: punda akiuzwa, jina la mnunuzi liandikwe,
ili siku akitupwa pawe na mlango wa kubisha.
Saa nne getini. Akatoka msaidizi wa waziri na mwavuli wake,
akalipokea kopo,
akauliza kama mna biskuti.

Vuli, barua akaandika yeye.
Picha ya Mossy wa leo, tumbo hadi magotini.
"Huyu ni mzima. Ni kwa sababu yenu."
Sentensi mbili tu. Mimi nilikuwa nikijaza kurasa.

Pesa zikaja nusu.
Fionnuala alizihesabu, akazihesabu tena,
kana kwamba sarafu zinaona haya kujitokeza.
Bibi mmoja wa Mullingar alijibu kwa mwandiko mzuri:
Nimefurahi amepona. Mwaka huu nitawapa mbwa.

Januari Packie akapiga simu kuhusu deni la nyasi.
Punda kumi na sita hawali kanuni.
Usiku ule nilichapa barua mia mbili za picha ya zamani
nikazituma mbali, Boston, Perth,
kwa watu ambao hawatafika kamwe uani kwetu
kumwona alivyonenepa.

Zikajibu. Zilijibu haraka, Mungu anisamehe.

Dervla aliikuta risiti ya stempu ndani ya daftari.
Akanitazama.
Nilingoja aseme, nilikuwa na majibu matatu tayari.
Akachukua kalamu kutia saini malipo ya Packie,
wino ukakata katikati ya jina lake,
akanyosha mkono bila kuinua macho,
nikampa yangu.

Nilitoka na tochi.
Mossy alininusa mfukoni, hakuna kitu, akapuuza.
Nikachuchumaa kwenye tope kumulika kwato zake:
fupi, nyeusi, zimekatwa Jumanne.
Nilizitazama muda mrefu.
Kisha nikasogea pembeni,
kwa sababu namjua.