Nusu Yadi

Nilimfunga bandeji za vifundo misimu tisa.
Kushoto kwanza, kulia baadaye,
kwani siku moja tu nilianza na kulia, kule Hamilton,
akaangusha mpira mara mbili,
na basi letu la usiku likawa kimya kama jokofu.

Orest Prystupa, mtoto wa mkulima wa Canora,
alifika kambi ya Mei na viatu vya binamu yake,
amevifunga kwa kamba za marobota ya nyasi.
Jina lake lilitajwa raundi ya sita,
makocha wakiwa wameshaagiza chakula.
Kasi hakuwa nayo ya kutisha. Alikuwa na kiuno.
Kiuno kilisema: naenda huku.
Mabeki wakakiamini,
miguu ikaenda kule.

Huku kwetu unapewa majaribio matatu kwa yadi kumi.
Wamarekani wana manne. Sisi tuna theluji.

Na kazi ya mbeba mpira, ukitaka kuijua,
ni kuukimbilia mlango unaofungwa.
Wanaume watano wazito wanakupasulia upenyo
wa upana wa bega, wa muda wa chafya.
Ukichelewa, ukuta.
Ukiwahi, ukuta ulio nyuma yake.

Msimu wa nne, yadi elfu moja mia mbili na saba.
Regina nzima ilivaa maganda ya tikiti kichwani
ikaliimba jina ambalo haikujua kulitamka.
Mama yake, Halyna, alituletea sinia za vibumba vya viazi,
akanishika mkono wenye mkasi:
"Mfunge vizuri. Huyo alichelewa kutembea."

Kisha Oktoba, Winnipeg. Hakuna aliyemgusa.
Nilisikia kutoka pembeni
mlio wa karoti mbichi ikivunjwa.
Miezi kumi na mmoja akajifunza ngazi upya,
na aliporudi, kwenye kabati la jirani
alikuwepo Tavaris wa Florida, miaka ishirini na miwili,
magoti yasiyodaiwa na mtu.

Orest alimwonyesha mahali pa kukanyaga.
Sikumwuliza kwa nini.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Novemba, baridi ya ishirini na tatu chini ya sifuri.
Jaribio la tatu. Yadi moja.
Kocha akamwita yeye,
kwa heshima au kwa kuishiwa mawazo, mpaka leo sijui.
Aliingia. Rundo likamfunika.
Wakaleta mnyororo wa kupimia, mwamuzi akainama,
na kati ya ncha ya mpira na kijiti
ungeweza kuweka ngumi,
au mbili za mtoto.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wanasema.
Zake ukingo hazikuuona.
Ziliishia katikati, chini ya watu sita,
juu ya majani ya plastiki yaliyoganda.

Chumbani alikaa mezani kwangu, akanyoosha mguu wa kushoto kwanza.
Nikakata. Bandeji ikatoka nzima,
kifundo kimebaki ndani yake bila mtu,
kama gamba alilovua nyoka.
"Tupa," akasema.
Ninalo hadi leo, kwenye droo ya mikasi.

Siku hizi anaendesha basi la shule, kilomita arobaini za changarawe.
Kanisani hapigi magoti; husimama nyuma na wajane.
Nilipanda naye Februari iliyopita.
Mvulana mmoja mwenye kamasi akamwuliza:
ulikimbia yadi ngapi, zote, ukijumlisha?

"Elfu nne na nusu."

"Elfu nne mia tano!" Mtoto akageuka kuwatangazia wenzake.

"Hapana," akasema Orest, macho barabarani,
akipunguza mwendo kabla ya daraja lenye barafu.
"Elfu nne. Na nusu."