Nyumba Namba Kumi na Nne

Nzanzu alikuja Jumanne, flashi shingoni kama rozari,
akasema: Mama Katungu, mchezo umehama.
Toka leo hauwaki tena kwenye biti thelathini na mbili.
Unataka sitini na nne.

Nilikuwa napanguza vumbi jeusi kwenye kibodi,
vumbi la Katindo, lile linaloingia hata ndani ya yai.
Nikamuuliza biti ni kitu gani,
na kwa nini inapanda kama bei ya makaa.

Akakaa juu ya bidoni.
Kila kitu ndani ya mchezo, akasema, kina nyumba yake:
risasi ina nyumba, kiatu cha askari kina nyumba,
kivuli cha mti kina nyumba, na kila nyumba ina namba.
Mashini ya zamani inajua kuhesabu nyumba bilioni nne, basi.
Ikifika hapo inaishiwa namba,
na kitu kisicho na namba
ni kama hakijazaliwa.

Bilioni nne!
Nilicheka hadi mteja wa mashini ya pili akakosa shabaha.
Mimi hapa naishi kwenye mtaa usio na namba hata moja.
Mwaka ule lava iliposhuka ilimeza vibao vyote vya barabara,
tukarudi, tukasimamisha mbao juu ya jiwe lililokuwa bado na joto,
nyumba juu ya paa la nyumba.
Mgeni akiniuliza nakaa wapi namwambia:
fuata chukudu za viazi, vuka panapouzwa mabati makuukuu,
ukikanyaga jiwe lenye mdomo wa samaki, piga hodi.
Wanafika. Wanachelewa, ila wanafika.

Kipya kinyemi, nikamwambia,
ingawa kidonda. Haya, fungua.

Alizifungua zote saba kwa bisibisi moja.
Mbili, akasema, hizi ni za kuzika.
Lakini hizi tano, Mama (akainua tochi)
hizi zina moyo wa sitini na nne toka kiwandani.
Aliyeziwekea mfumo ndiye aliyeziwekea mdogo.
Miaka tisa zinatembea hatua za mtoto
kwa miguu ya mtu mzima.

Sikusema kitu.
Nilimfikiria dada yangu Masika,
aliyefundishwa kushona vifungo tu.

Dawa ni kufuta kila kitu, akasema, na kuanza upya.
Kila kitu?
Kila kitu.

Kwenye mashini ya tano kulikuwa na mji wa Byamungu.
Alikaa hapa miezi minne, yeye na mama yake, wametoka upande wa Sake.
Hakuwa mtu wa kupiga wala kupigwa;
alilipa franka mia mbili, akajenga.
Alitujengea mtaa wetu huu, jiwe kwa jiwe,
bomba la maji ambalo halijatufikia yeye akalifikisha,
na juu ya kila mlango, namba.
Halafu wakapanda lori. Sijui Beni, sijui Uganda.
Mchezo mpya, Nzanzu akasema, hausomi miji ya zamani.

Nikamwambia futa nne.
Hii ya tano iache ilivyo.
Akanitazama kama mtu aliyeona mzazi anakataa chanjo.

Sasa watoto wanapanga foleni kwenye zile nne.
Miti ina majani yanayotikisika moja moja,
maji yanang'aa kuliko ziwa lenyewe,
na umeme ukikatika wanalia kwa sauti ileile ya zamani.
Ya tano inaguguma peke yake dirishani.
Saa nyingine nakaa pale, hakuna mteja,
natembea mtaani kwetu kwa vidole viwili.

Wiki iliyopita nilinunua kopo dogo la rangi nyeupe.
Mimi alikuwa amenipa kumi na nne.
Nimeiandika kwenye ubao wa mlango, mguu wa nne umepinda kidogo.
Kumi na tatu haipo.
Kumi na tano haipo.
Jirani ananiuliza nimeanza kuhesabu kutoka wapi.