Divai Ina Kwao

Ndahani aliileta chupa ndani ya gazeti,
akafunga pazia la upande wa Bi Mwanakombo, kwa heshima,
akaomba bilauri. Sina bilauri.
Nikatoa vikombe viwili vya kioo, vya chai,
vyenye ua la dhahabu lililofutika nusu.

Mimi divai niliijua Magila tu:
funda moja, magoti chini, tamu kama sharubati,
na kasisi keshafuta ukingo
kabla ulimi haujasema neno.
Sikuwahi kufikiri kwamba divai ina kwao,
kama chungwa la Muheza
lisivyokubali kuitwa chungwa tu.

"Usinywe kwanza. Si wewe mwenye pua?"
Kweli. Pua hii imenilisha miaka thelathini
ghalani, hapa hapa Ngamiani,
nikitenga iliki ya Amani iliyoanikwa juani
na ile iliyoharakishwa kwa moshi.
Wenye mali wakibishana, nanusa, ubishi unakwisha.
Nikainamia kikombe.

Zambarau. Si za mtini: zile zilizodondoka
zikapasukia mchangani, zikakaa hadi alasiri.
Kisha ngozi, mkanda wa baba.
Kisha pilipili manga, punje moja,
imepita mlangoni bila kubisha hodi.
Na chini kabisa kitu nisichokijua,
kikavu, kama chungu kipya kabla ya kutiwa maji.

"Hicho," akasema, "ndicho Hombolo."

Akanieleza udongo mwekundu, mvua za kuhesabu,
mama yake, Matika, na ndoo kichwani
akigawia mizabibu maji kwa kata, kama watoto wa kambo.
"Mzabibu ulioshiba maji hupayuka," alisema mama.
"Wenye kiu ndio usemao kweli."
Mwaka ule wanunuzi hawakuja.
Zabibu zikanyaukia mitini, majirani waking'oa,
wakapanda alizeti.
Yeye akabakiza mistari minne.
Hakusema kwa nini.
Chupa hii imetoka mistari hiyo.

Ndipo nikanywa.
Ikaniparuza ulimi kama bibo,
ikasubiri,
ikalegea polepole, ikaacha joto kooni.
Nje Tanga ilikuwa Tanga: ukungu ukutani,
mashuka siku ya tatu kambani hayajakauka.
Lakini kifuani mwangu palikuwa na mahali pakavu,
peupe kwa jua, na mtu anainama na kata.
Ndahani hakuniangalia. Miaka ishirini na sita karakana ya reli,
sikuwahi kumwuliza kwao kunanukaje.

Akarudisha kizibo. "Kesho itakuwa nyingine,
kama mgeni siku ya pili."

Asubuhi Bi Mwanakombo akaja kuazima ndimu.
Akasimama mlangoni, akavuta hewa.
"Jana mlikuwa na zambarau? Mbona msimu bado?"

Nikatazama duara jekundu chini ya kikombe.
"Zimetoka mbali," nikasema,
nikampa ndimu mbili.