Fomu ya Mtaa wa Delgado

Nimepewa fomu, futi kamba na kofia ya chuo.
Nimeambiwa: usiwapime watu, wamekwisha kupimwa.
Pima mtaa.

Mji ni San Antonio, upande wa magharibi,
kule reli inapoukata mji kama kisu butu,
na Delgado, kwa Kihispania chao, ni mwembamba.
Bi Otilia Cantú ananifasiria
huku akicheka mpaka kiti cha plastiki kinalia chini yake.
"Mtaa mwembamba, watu wanene.
Aliyetupa jina hili alikuwa mtani wetu."

Swali la kwanza: je, kuna njia ya waendao kwa miguu?
Nahesabu mabamba ya saruji, arobaini na moja,
kisha nyasi,
kisha kochi lililotupwa na matumbo yake nje,
kisha mbwa.
Kisanduku cha Ndiyo, kisanduku cha Hapana.
Kisanduku cha Mbwa hakuna.

Swali la tatu: kivuli.
Jua la Agosti linajibu kabla sijasoma.
Kituo cha basi ni mlingoti tu,
na watu wamejipanga nyuma ya mlingoti,
mstari mmoja, katika kivuli chenye upana wa kiganja.

Swali la sita: chakula kilicho karibu.
Kituo cha mafuta. Duka la matairi.
Dirisha linalouza kuku wa kukaanga kwa ndoo.
Nyanya nimeiona moja,
imelala ndani ya picha ya baga,
imelowa umande wa mchoraji.

Daktari alimwambia atembee, nusu saa kila jioni.
Alisema hivyo kwa upole, akiitazama mizani.
Daktari anakaa kaskazini, chini ya mialoni,
ambako hata majani makavu yana mtu wa kuyaondoa.
Bi Otilia alitii siku tatu.
Ya nne, kioo cha gari kilimpangusa kiwiko
na dereva akapiga honi, kana kwamba kiwiko ndicho kilichokosea.
Sasa anatembea ndani,
kutoka friji hadi mlango wa choo, na kurudi,
akihesabu kwa rozari, punje moja kila safari.
"Tatizo," ananinong'oneza, "ni kwamba kila nikirudi
nakuta friji inanisubiri."

Namwomba anipeleke kwenye mboga.
Tunakwenda, yeye na toroli lenye gurudumu bovu,
mjukuu wake Eliseo, miaka kumi na mmoja,
ndani ya fulana ya baba yake inayomkaa sawasawa,
na mimi na fomu yangu.
Barabara kuu ina njia sita na taa ya sekunde kumi na nne.
Tunafika katikati. Taa inabadilika.
Eliseo ananyoosha mkono mbele ya bibi yake
kama anayezuia mto.

Ng'ambo kuna mtaro, na kando ya mtaro
kijia chembamba, cheupe, kilichokwanguliwa na nyayo.
Hakuna aliyekijenga. Miaka ya viatu imekijenga.
Naitafuta nafasi yake kwenye fomu, mbele na nyuma.
Haipo.

Dakika hamsini na mbili, kabichi moja, vitunguu, ndimu.
Kurudi, kabichi linazidi uzito kila hatua.
"Na mtaa wako," ananiuliza, "umepata alama ngapi?"
Nakohoa.
Kwetu kuna bustani nyuma ya nyumba na soko kila Jumamosi,
na wembamba huu niliouvaa kama nishani,
niliodhani ni nidhamu, ni asubuhi na mapema, ni mimi,
pengine ni mialoni tu.
Sikumjibu. Nilibeba toroli kwenye ngazi.

Jioni najumlisha: Hapana, Hapana, Hapana,
Ndiyo moja, ya saruji.
Bi Otilia anainama juu ya bega langu, ananusa ndimu na wino.
"Umeandika mabamba arobaini na moja?
Kahesabu tena, mwanangu.
La mwisho liling'oka na mvua ya Mei."

Nikafuta moja.